Ufagio Mlangoni kwa Mama Martta

Hirvaslaki,
Lapland, Ufini.
Tarehe 9 Machi, 1985

Mpendwa Shangazi Helvi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo huko Australia? Mumeo na watoto hawajambo? Mama anauliza kama joto la huko bado linakunyima usingizi. Sisi tu wazima, isipokuwa Baba, na ndiyo maana nakuandikia leo bila kungoja Pasaka.

Kwanza nikuambie kwamba yu hai. Sasa soma taratibu.

Tangu nilipomaliza shule mwezi wa Mei nafanya kazi mlimani, kwenye lifti. Nawashikia wageni ile kamba inayowaburura na skii zao za kutelezea thelujini mpaka juu. Kuongea bado kunanishinda. Kaisu, mwenzangu wa kazi, ananitania kila siku. Juzi aliniambia, "Saimi, kuna mgeni kauliza kama wewe ni sanamu. Kasema imechongwa vizuri." Nilicheka, nikaendelea kushika kamba.

Hii ilikuwa wiki ya likizo ya skii na wageni walijaa mpaka vyumba vya ziada. Baba anawawekea njia ya nyuma ya mlima. Husimika fito kandokando ili mtu asipotee. Jumatatu asubuhi alitoka peke yake kama kawaida. Mchana upepo ukageuka. Unaukumbuka upepo wa kule nyuma, ule ambao theluji haidondoki bali inakimbia ubavuni. Lifti zikasimamishwa, wageni wakajazana mkahawani kula soseji na kuimba. Mimi nilibaki dirishani nikitazama njia. Baba hakurudi.

Mama alikuwa ameshawasha moto wa sauna ili Baba aoge mvuke, kwa sababu hurudi ameganda mgongo. Giza lilipoingia akaongeza kuni. Halafu akaongeza tena. Hakuna aliyethubutu kumwambia auache moto uzime.

Asubuhi ya Jumanne jirani yetu Veikko, yule uliyesoma naye, alitangulia kwa pikipiki ya theluji. Alipita vibanda vyote vya kule nyuma, akarudi na barafu kwenye ndevu, akasema hakuona kitu. Ndipo watu wakagawanywa wawili wawili wakatafute kwa skii. Wageni nao wakajitolea. Mimi nilipangwa na mwalimu mmoja Mjerumani, Bwana Henning, mtu mrefu mwenye kofia nyekundu. Nilikataa kwa kichwa. Kaisu akanisukuma mgongoni. "Kijerumani si ulikisoma? Basi leo kakitumie, usikitunze!"

Shangazi, sijawahi kuogopa vile. Kila kichuguu cha theluji nilikiona kama mtu aliyelala. Nilikuwa nachoma fimbo yangu ya skii ndani yake huku nimefumba macho, nikiomba isigonge kitu.

Tukafika kwenye kibanda cha Mama Martta. Yeye mwenyewe majira ya baridi anakaa kwa mwanawe mjini. Alama za skii za waliotutangulia zilipita mbele ya ngazi bila kukata kona, na mimi nikazifuata. Ufagio ulikuwa umesimama, umeegemezwa mlangoni. Sijui huko mnafanyaje, lakini hapa bado ni vilevile: ufagio ukiwa mlangoni, wenyewe hawapo, na mtu mwenye adabu hagusi.

Bwana Henning hakufuata. Alivua skii akaanza kupanda ngazi.

"Hapana!" nilimwambia. "Hakuna mtu."

"Umejuaje?"

"Ufagio."

Akautazama ufagio, akanitazama mimi. "Ufagio umekwambia?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikamshika mkono wa koti. Alifikiri namtania, akacheka, akasema, "Binti, vidole vyangu vinakufa. Nitamwomba ufagio radhi nikishapata joto." Akausukuma mlango. Ufagio ukaangukia ndani.

Baba alikuwa sakafuni kando ya jiko, amejifunika mkeka na gazeti. Jiko lilikuwa baridi kabisa. Nilidhani amekufa, na nilisimama palepale mlangoni nisiweze kusogea. Bwana Henning ndiye aliyepiga magoti, akamwekea sikio mdomoni, akanipigia kelele kwa lugha yake. Maneno yote niliyosoma yalinitoroka, lakini hilo nililielewa. Alisema anapumua.

Mambo yalikuwa hivi. Baba alivunjika mguu kwenye mteremko, skii ikakatika, akajiburuta hadi pale. Mlango wa Mama Martta unafunguka kwa ndani, kwa hiyo alipousukuma ufagio ulianguka kizingitini, na upepo ukautupa kwenye ngazi. Akafunga mlango, akachoma kuni chache zilizokuwamo. Nyingine ziko bandani, nje, na hakuweza kuzifikia. Zile chache zilikwisha kabla ya asubuhi, ndiyo maana hapakuwa na moshi.

Asubuhi hiyo Veikko alipita. Akauona ufagio umelala kwenye ngazi, akadhani ni upepo tu. Akashuka, akaukung'uta theluji, akausimamisha mahali pake kama jirani mwema, akaondoka. Injini hakuizima.

Baba alinisimulia mwenyewe hospitalini, kwa sauti ndogo, Mama alipokwenda kutafuta kahawa. "Nilipiga kelele, lakini ile injini ilinishinda. Nikasikia ufagio ukigonga mlango, tak. Nikajua Veikko ameusimamisha. Nikasema basi, Oiva, sasa hakuna mtu wa kwetu atakayeingia humu."

Nikilala naisikia ile tak.

Veikko alikuja nyumbani Jumatano. Alikaa ukingoni mwa kiti, kofia mapajani, kahawa mbele yake hakuigusa.

"Lempi," alimwambia Mama, "mimi ndiye niliyeusimamisha."

"Najua. Kunywa, inapoa."

"Ningefungua tu. Kitu gani kingenigharimu?"

"Na mimi ningeusimamisha," Mama akasema. "Kunywa, Veikko."

Alikunywa, lakini machozi yalikuwa yanamtiririkia ndevuni, na sijawahi kumwona mwanaume wa hapa akilia mbele ya watu. Niliogopa hilo pia.

Sasa nikuambie jambo ambalo Baba alinikataza kukuandikia. Miguu yake yote miwili iliganda kwa baridi. Wa kushoto madaktari wanasema utapona. Wa kulia, ule uliovunjika, umekuwa mweusi vidoleni na weusi unapanda. Keshokutwa Jumatatu watampasua, na hawajui watakata vidole tu au watakata juu ya kifundo. Watajua wakishafika ndani. Mtu ambaye maisha yake yote ni skii, Shangazi. Alisema, "Usimwandikie Helvi, ataogopa bure." Nilitikisa kichwa kukubali, kama ninavyofanya kwa kila kitu.

Lakini niliposimama kuondoka alinishika mkono. "Saimi," akasema, "nikiamka Jumatatu, nikukute unaongea. Chochote. Nisiamkie kwenye kimya."

Mama akiwa na hofu hufunga mdomo kabisa, unamjua. Kwa hiyo ni mimi. Mimi nisiyeweza kuwasalimia wageni wa lifti. Tangu jana nakusanya maneno. Nitamsomea barua zako zote, hata ile ya mjusi aliyeingia bafuni kwenu. Nitamwambia Kaisu amesema nini. Zikiisha nitamhesabia fito za njia yake, moja moja, mpaka afumbue macho. Na akiniuliza kuhusu mguu, itabidi nimjibu kwa sauti, nikimtazama usoni.

Utakapofungua barua hii Jumatatu yetu itakuwa imepita kitambo, na jambo hili litakuwa limeshaamuliwa. Siku hiyo unayosoma, tayari linajulikana. Mimi bado niko upande wa huku, kabla ya Jumatatu, na naogopa sana. Tafadhali niandikie, hata kama ni machache, nipate cha kuendelea kumsomea.

Nisalimie mumeo, na Tuula na Kalervo wadogo. Mama anakusalimu, Veikko pia anakusalimu. Mungu awalinde huko kwenye jua, na sisi atuangalie huku.

Mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye kwa moyo wote,
Saimi