Dawa ya Firdaus Imeganda

Makongeni, Thika
28 Aprili 1997

Mpendwa kaka Idarous,

Assalaam aleikum. U hali gani huko Maskati? Joto limeshaanza kukusumbua? Wifi na watoto wazima? Sisi tunamshukuru Mungu, ingawa leo nashukuru nimekunja uso.

Kaka, ile dawa uliyomtumia Firdaus imeharibika yote. Nakuambia mapema nisije nikazungukazunguka.

Unajua mwanangu alivyoteseka. Virusi vya ini alivipata kwenye damu aliyoongezwa akiwa mchanga, na sasa miezi minne anadungwa sindano mara tatu kwa wiki, na kila sindano inamletea homa. Mwezi uliopita daktari alisema ini limeanza kutulia. Ilibaki miezi miwili tu!

Sikukuu ya kuchinja, mama mkwe alikuja kutoka Ruiru. Unamjua, hakai bure. Nyama ya kugawia majirani ikajaa friji, naye akaona chupa za dawa zimebanwa. Akazihamishia juu, kwenye barafu. Jumatatu Ndunge, yule nesi jirani anayemdunga, akazikuta zimekuwa mawe. Daktari akasema tutupe, dawa hiyo ikishaganda haina kazi.

"Si ni wewe ulisema inataka baridi?" mama mkwe akaniuliza.

Na ni kweli. Kila siku nawapigia kelele dawa isipate joto, sikuwahi kusema isigande. Nimemkasirikia, nimejikasirikia, hata hao mbuzi nimewakasirikia. Watu wananiambia maji yakimwagika hayazoleki. Waniache!

Tafadhali muone upesi yule daktari wa huko aliyekupa dawa, akupe nyingine. Wetu amesema tukipitisha wiki mbili bila sindano, huenda tukaanza upya, na moja imeshakatika. Atakayeileta aibebe mkononi, kwenye chupa ya chai yenye ubaridi kidogo. Kidogo, kaka!

Lakini kinachoniuma zaidi ni Firdaus mwenyewe. Tangu sindano zikome homa imemwacha, anakula mpaka anaongeza, jana karuka kamba hadi magharibi. Anawaambia wenzake shuleni kwamba nyanya yake ndiye aliyemponya. Mdomo wa kumwambia sindano zinarudi sina. Mwandikie wewe, anakusikia.

Shemeji yako Ayub anakusalimu, na mama mkwe pia, japo anaona haya. Nisalimie wifi Muna na Zaid. Mungu akutunze ugenini, na dawa hiyo aifungulie njia.

Dadako akupendaye,
Amida