Boila la Kipupwe Kimoja Tu

Worcester, Massachusetts, 21 Oktoba 1984. Miaka arobaini na miezi mitatu tangu nitoke Lithuania nikiwakimbia Warusi.

Mshauri mpendwa,

Naomba msaada wako, na uvumilivu pia, maana jambo lenyewe ni boila, na mzee wa miaka sabini na moja hapaswi kusumbuliwa na boila. Nyumba yetu ilijengwa mwaka 1908, ina ghorofa tatu, na hupashwa joto kwa mvuke unaopanda kwa mabomba kutoka chumba cha chini hadi kwenye vyuma vya joto vilivyo chini ya madirisha, na boila lenyewe tulilikuta humo, lilikuwa la makaa likageuzwa kuwa la mafuta, na kila Oktoba tangu 1951 mimi hushuka nikaziba nyufa zake nikisema, "Kipupwe hiki kimoja tu, mwakani tutakuwa nyumbani," lakini Jumanne iliyopita lilipasuka pande mbili na maji yakafika kwenye mapipa ya kabichi.

Shemeji yangu Zenonas, kaka wa mke wangu, anaishi nasi, na huhutubia hata anapoomba chumvi. Alisimama majini akasema:

"Alfonsas, nyumba kubwa haivai kofia ya mtoto! Soma kibao cha nguvu kilicho kwenye boila la zamani, nunua kama hilo, kisha ongeza kidogo."

"Kidogo cha nini, shemeji? Tunahamia humo ndani?"

"Wageni wakija wasitukute tunatetemeka kama wakimbizi."

"Kwani sisi ni nani?"

Fundi aliyekuja alimulika kibao kwa tochi, akanakili tarakimu, akaondoka kabla kahawa haijapoa, naye anakubaliana na Zenonas. Mimi nataka dogo kuliko yote, maana ninunue chuma cha kudumu miaka thelathini cha nini, nami ni mtu wa kuondoka? Ghorofa ya tatu fundi hakupanda, sikumruhusu, kwa sababu makasha tuliyotoka nayo kambi ya wakimbizi huko Ujerumani yamepangwa mbele ya vyuma vya joto, yamefungwa kamba, yana anwani ya Panevėžys, mji wetu wa Lithuania, niliyoiandika kwa rangi mwenyewe, na kuyasogeza ni kuharibu mpangilio wa siku ya safari. Vyuma vingine Zenonas aliving'oa zamani apate ukuta wa kutundika picha za watawala wetu wa kale.

Mke wangu Bronė, mwenye kifua kibovu, ambaye hulala ghorofa ya pili, chumba cha mwisho, alituambia huku akimenya viazi: "Meza ya mkesha wa Krismasi nitaiandaa penye joto. Pasipokuwa na joto nakwenda Florida kwa binti yangu, nanyi mtapashana joto kwa hotuba. Na nikienda, Alfonsas, sirudi."

Niambie: kubwa au dogo?

Alfonsas G.

*

Mzee Alfonsas,

Pole kwa kabichi. Zaidi ya hapo sikupi pole.

Shemeji yako anachagua boila kwa upana wa kifua chake, fundi kwa kibao, na wewe kwa kalenda. Wanaume watatu wazima, na hakuna hata mmoja aliyepanda ngazi kuhesabu vyuma! Boila la mvuke halipimwi kwa ukubwa wa nyumba, wala kwa boila lililokufa. Hupimwa kwa vyuma vya joto litakavyovijaza. Likizidi, litawaka na kuzima, litawaka na kuzima, linakunywa mafuta bure. Likipungua, mvuke utaishia njiani na chumba cha mwisho kitabaki baridi. Chumba cha mwisho analala nani?

Basi chukua futi na karatasi. Kila chuma andika kimo chake, idadi ya vipande vyake, na kila kipande kina nguzo, yaani mirija ya wima, ngapi. Fundi anayestahili kazi yako ni yule atakayevipima tena mwenyewe kabla ya kutaja boila lolote. Anayesoma kibao mpe kahawa na umwonyeshe mlango. Mabomba ya karibu na boila yaunganishwe kama kitabu cha mtengenezaji kinavyosema, si kama fundi alivyozoea. Mabomba yaliyo wazi yavishwe kizuia joto, lisipotee njiani. Na boila jipya lioshwe ndani hadi mafuta ya kiwandani yatoke, ama sivyo maji yatatoa povu na kupanda pamoja na mvuke.

Na makasha uyasogeze. Mimi pia ninalo kasha la namna hiyo, najua linavyogoma kusogea. Wewe umesema "mwakani" mara thelathini na nne. Mkeo amesema "sirudi" mara moja tu. Mwamini yeye.

*

13 Desemba

Mshauri,

Vyuma ni kumi na sita. Zamani vilikuwa ishirini na saba. Fundi wa pili alivipima vyote akiwa amepiga magoti, na boila likawa dogo kuliko alilotaka Zenonas, kubwa kuliko nililotaka mimi. Zenonas amelihutubia. Chumba cha mwisho kina joto, na Bronė hakohoi sana.

Katika kasha la tatu tulikuta kitambaa cha meza cha kitani, cha mama yangu. Bronė amekipiga pasi kwa ajili ya mkesha. Kamba nimezitupa.

Kitabu kinasema boila litadumu miaka thelathini. Nimetia sahihi kadi ya dhamana. Panevėžys sitarudi.

A. G.