Arobaini na Mmoja Waliohama

Nyumba ya Walimu Na. 4,
S.L.P. 61.
12 Juni

Mpendwa Kaka,

“Hesabu haina maiti ndani yake. Fundisha hesabu, waache wafu wapumzike.” Ndivyo ulivyoniandikia. Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta mahali pa kukubaliana nawe, na sijapaona. Lakini hata ugomvi una adabu yake, kwa hiyo salamu kwanza. Goti linaendeleaje? Na macho? Kama bado wifi ndiye anayekusomea barua, basi shikamoo wifi, na usiruke mstari hata mmoja kwa kumhurumia. Mimi ni mzima, ila usingizi umepungua.

Sababu unaijua nusu. Nilikueleza kwamba kidato cha tatu wanajifunza takwimu, na kwamba nimechoka na mifano ya kitabuni ya machungwa na urefu wa miche. Muuguzi wa zahanati alitupatia jedwali la miaka ishirini: waliopimwa, waliokutwa na VVU, waliofariki kwa UKIMWI. Namba tupu, bila jina. Nikataka watoto wazilinganishe na kitu cha hapa hapa, nikafungua stoo na kutoa daftari kubwa la shule, lenye wanafunzi, walimu, wapishi na walinzi. Lile ulilolijaza wewe ulipokuwa karani wetu.

Neno moja likaanza kujirudia. Amehama. Amehama. Amehama. Mwandiko wako, wino wa bluu, herufi ya mwisho ina mkia uliopinda kama ndoana. Wanafunzi walihesabu hamsini na wanane. Mmoja wao, msichana tunayemwita Rula kwa sababu huchora mstari ulionyooka kwa mkono mtupu, akauliza, “Mwalimu, anayehama si huacha barua ya uhamisho?” Tukafungua faili. Barua kumi na saba. Waliobaki, arobaini na mmoja, walihama bila kwenda popote.

Wakawachora kwenye grafu mwaka kwa mwaka, karatasi moja na namba za zahanati. Kaka, mistari miwili ilipanda pamoja kama mtu na kivuli chake. Ulipofika mwaka ambao dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure, ikashuka pamoja. Sisemi wote arobaini na mmoja waliondoka na ugonjwa ule. Mimi mwenyewe nimewafundisha watoto kwamba mistari kufanana si ushahidi tosha. Nasema tu kwamba tangu karatasi ile ibandikwe ukuta wa nyuma, madawati ya nyuma hayakaliwi. Sikumwamuru yeyote asogee.

Hata mfagiaji wetu, mzee asiyeogopa nyoka, sasa hupiga hodi kwenye darasa tupu. Nikamuuliza anampigia nani hodi.

“Si umewarudisha wewe, Mwalimu? Sasa niwaingilie tu kama choo cha stendi?”

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Sasa kosa langu, maana sitafichua la kwako nikafunika la kwangu. Nilipaswa kuondoa majina kabla watoto hawajaligusa daftari. Sikuyaondoa. Niligawa vikaratasi, kila mwanafunzi jina moja kati ya yale arobaini na moja, aliingize kwenye kompyuta, kisha kesho yake nikahakiki kama tunavyohakiki kila kitu shuleni: nikaita. Mvulana mwenye kikaratasi cha jina la kwanza akajibu kwa mazoea, “Nipo.” La pili, “Nipo.” Ningesimama hapo hapo, lakini ulimi ulishashika mwendo. Nikaendelea kuita, na sauti changa zikaendelea kuitika, nipo, nipo, nipo.

Jina la thelathini na moja lilikuwa la yule mpishi kijana aliyekuwa akiimba jikoni. Kikaratasi chake alikuwa nacho mwanafunzi ambaye siku hiyo hakuja. Hata hivyo mtu alijibu.

Alikuwa Rula, amesimama. “Ni mama yangu,” akasema. “Mwalimu, alihamia wapi?”

Nilikwenda kwa bibi yake, anakolelewa. Chini ya kitanda cha Rula kuna mkoba uliofungwa. Tangu akiwa na miaka miwili ameambiwa kwamba mama alihamia kazi ya mbali na siku moja atatuma mtu kumchukua. Kila akikua, nguo zilizomo hutolewa zikawekwa kubwa zaidi. Sasa ana miaka kumi na saba. Mkoba haujawahi kuvuka mlango wa chumba kile.

Na Rula anaumwa. Muhula mzima homa inakuja na kuondoka, amekonda, kikohozi hakimwachi. Huenda ni kitu kingine kabisa; hilo litasemwa na kipimo, si na mimi. Muuguzi anataka kumpima, kwa sababu mtoto anaweza kuzaliwa na virusi akaishi miaka mingi bila mtu kujua, na leo dawa zipo, ukizimeza kila siku unazeeka na mvi zako kama watu wengine. Rula hataki kwenda bila idhini ya bibi. Bibi amekataa. Aliingia ndani akarudi na nakala ya ukurasa wa daftari ndani ya mfuko wa plastiki, ina mhuri na sahihi yako.

“Soma mwenyewe. Kahama.” Halafu, Rula alipokwenda kuteka maji, akaniinamia sikioni. “Tulipeana neno, mimi na karani. Yeye ndiye aliyempeleka mwanangu hospitali ya mbali, akamzika huko, akaniletea khanga yake. Asipolivunja yeye, mimi silivunji.”

Kumbe ni hivyo, Kaka. Miaka kumi na mitano hukuniambia.

Najua utajitetea. Enzi zile jirani alivunja kikombe alichonywea mgonjwa, na mtoto wa marehemu alikaa dawati peke yake. Uliandika kwa huruma, na siwezi kuidharau huruma hiyo. Lakini dawa ikipitwa na tarehe huwa sumu, hata kama aliyeitoa alikuwa daktari mwema. Wafu unaotaka wapumzike hujawapa hata mahali pa kulala. Umewaacha njiani, wanahama. Methali ya mficha maradhi sikutajii. Unaijua.

Wasalimie mapacha, waambie shangazi yao bado anakula chaki. Msalimie pia jirani yenu fundi cherehani. Mungu akuongezee miaka na akupunguzie woga.

Sasa nyinyi wawili. Wifi, weka barua hii chini umletee kalamu. Kaka, usiniandikie mimi, mwandikie bibi. Mistari miwili yatosha: kwamba neno mlilopeana unalivunja, na kwamba mwanawe hakuhama, alifariki, na kwa ugonjwa gani. Kwa mwandiko ule ule. Itoke kesho kabla posta haijafungwa.

Juzi Rula hakuja shule. Nilipofika kwenye jina lake, kimya. Kisha kutoka madawati ya nyuma, yale yasiyokaliwa, tukasikia, “Nipo.” Darasa lote liligeuka. Hapakuwa na mtu.

Sijamwekea alama yoyote kwenye daftari. Nataka aitike mwenyewe. Andika, Kaka.

Mdogo wako wa tumbo moja, akupendaye na asiyekuachia,
Mwalimu wa Hesabu