Chupa ya Asali

Anderlecht, Jumanne

Shikamoo Bibi,

Mvua hapa haikatiki. Nimekumbuka rafu yako ya jikoni, magadi ndani ya chupa ya asali, nawe ukisema, "Chupa nzima haitupwi, mjukuu wangu."

Ndivyo nilivyofanya ghalani, kwenye kiwanda cha lenzi ninakofanya kazi ya ukarani. Mfuko wa floridi, unga wa kupaka lenzi, ulipasuka, nikaumimina kwenye chupa ya kioo kama yako. Kumbe unga huo ukipata unyevu hutoa asidi inayokula kioo, hata nyama ya mtu. Hutunzwa kwenye plastiki, pakavu.

Leo kioo cha chupa kilikuwa na ukungu, kimeanza kulika. Felisia wa usafi akanyoosha mkono bila glavu. "Karani, nikuoshee?"

"Usiguse, dada!"

Yu salama, ila meneja anamshuku yeye kwamba ndiye aliyeuweka unga kwenye chupa. Naogopa kufukuzwa, Bibi. Nikifunga bahasha hii, naenda kusema ni mimi.

Chupa yako haina kosa.

Mjukuu wako,
Nusura