Nimetua kwenye kamba za nguo

Javan, nimeangukia kamba za nguo juu ya paa la ploti yetu ya kupanga hapa Tassia. Injini ya parashuti ninayojifunza kurukia ingali mgongoni.

Mwalimu alinionya nisivuke mpaka wa uwanja wa mazoezi, mimi ni mwanafunzi. Lakini nilitaka mke wangu Mideva anione nikipaa. Nikavuka, upepo ukanibeba.

Naftaly anayetunza ploti akanikuta nimejiviringisha shuka za watu. "Mwizi wa nguo nimempata."

Nikamwambia, "Ni mimi, mwenyekiti wa wapangaji."

"Wapangaji hupanda kwa ngazi."

Kwa ngazi, Javan. Nimetoka mawinguni, yeye ananiambia ngazi.

Mideva akaitwa anitambue. Akatazama sidiria ya jirani shingoni mwangu, akasema, "Huyu simjui."

Safari hii imenigharimu jino moja, suruali ya kanisa na uenyekiti. Na leo nalala kwako.