Fungu la Mbwa wa Machungani

Mjukuu wangu Mbeyu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Hapa Taru tu wazima, na mbuzi wa mamako amezaa pacha.

Umeniuliza kama mbwa wako ale nyama mbichi. Mwaka wa uhuru baba yangu alichinja fahali, umande ungali juu ya majani. Kabla ya kuwagawia wageni, alikata bandama mbichi akamwekea mbwa wetu wa machungani. Nikifumba macho, bado nauona ule mvuke ukipanda.

Mjomba akanung'unika, "Wageni kwanza."

Baba akamjibu taratibu, "Huyu ndiye aliyelala na ng'ombe. Sisi tulilala ndani."

Mbwa hakuigusa. Alimtazama baba hadi baba alipochuchumaa kando yake. Ndipo akala.

Mbichi yafaa, mjukuu wangu. Ila ukishamwekea, keti naye kidogo.

Bibi yako