Uji wa Mzee Ogola

Jumatatu, 3 Machi
Raundi ya wodi saa mbili, kama kawaida. Maswali matano, nimejibu manne. La tano lilikuwa la dawa, nikamwachia Otieno wa famasia apumue kidogo.

Wiki ya pili ya zoezi la timu. Madam Awuor, mwalimu wetu, ametupa sisi watatu mgonjwa mmoja: mimi wa utabibu, Otieno, na Robi wa uuguzi. Daftari moja, kila mtu aandike humo anachofanya. Anasema tukizoeana sasa hatutagombana tukiajiriwa. Sawa. Lakini timu lazima iwe na kiongozi, na kiongozi ni mimi. Sijisifu, ndivyo tulivyopangwa, na walipanga vizuri.

Mgonjwa ni Mzee Ogola wa kisiwa cha Takawiri. Ana ugonjwa wa sukari, na tumbo linamuuma tangu Desemba. Kiswahili chake ni cha kuuzia samaki tu. Kwa Dholuo, lugha yetu sisi Waluo, anasimulia mpaka raundi inachelewa. Ananiita nyara, binti yangu. Robi ni Mkuria, kwao Ntimaru, haelewi hata neno. Kila dakika: "Amesema nini?" Leo nimemwambia nitamweleza baadaye. Sikumweleza. Zilikuwa hadithi za kuvua omena, dagaa wa ziwani.

Jumanne, 4 Machi
Nafasi ya picha ya tumbo imepatikana, kesho asubuhi. Mimi ndiye niliyeibembeleza. Nimemwambia mzee kwa Dholuo safi: akishakula chakula cha jioni, asile wala asinywe kitu mpaka apigwe picha. Akanirudishia neno kwa neno. Robi alikuwa hapo hapo akitandika kitanda.

Njaa ilikuwa inaniua. Nimeenda kula chapati. Daftari la timu nitaandika kesho.

Jumatano, 5 Machi
Siku mbaya.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Robi alimdunga mzee insulini, kama ratiba inavyosema. Uji ukaletwa. Mzee akafunika kikombe kwa kisahani, akatulia. Robi akadhani anaupoza, akaenda kwa wengine. Foleni ya picha ikakwama. Kufika saa tatu mzee alikuwa ameloa jasho, ananitazama na hanijui. Mimi, nyara wake.

Sukari ilikuwa imeshuka vibaya. Robi ndiye aliyegundua. Akaita watu, akapata mshipa mara ya kwanza, glukosi ikaingia. Mimi nilishikilia tu ukingo wa kitanda. Baadaye kidogo mzee akafumbua macho vizuri, akauliza kama picha imeshapigwa.

Nikawaka. Nesi anamdungaje insulini mtu ambaye hajala? Nilimuuliza mbele ya wodi nzima. "Si ulikuwa hapo nikimwambia asile?"

"Nilikuwa hapo," akasema. Basi.

Sista mkuu wa wodi amemwondoa. Asiguse mgonjwa yeyote mpaka kikao cha Jumatatu. Akipatikana na kosa anarudishwa chuoni, muhula mzima aurudie. Sote tuandike taarifa. Yangu imenichukua dakika kumi. Sentensi ya tatu: "Muuguzi alikuwepo maagizo yakitolewa." Ni kweli tupu. Nimewahi kulala vizuri kwa ukweli mdogo kuliko huo.

Alhamisi, 6 Machi
Wodi ya watoto. Mama mmoja wa Ntimaru, mtoto anaharisha. Daktari ameniambia nichukue maelezo. Mama anajua Kiswahili kidogo na aibu anayo nyingi. Nimeuliza, ameinamia mtoto. Nimeuliza kwa sauti kubwa zaidi, kama mjinga.

Robi alikuwa dirishani. Kugusa wagonjwa amekatazwa, kuongea hajakatazwa. Akaanza Kikuria. Mama akafunguka. Waliongea, wakacheka, mama akatoa kwenye kanga chupa ya dawa ya miti ambayo asingenionyesha hata kwa viboko. Mimi nimeshika kalamu, sina cha kuandika.

Nikajisikia nikisema, "Amesema nini?"

Robi akanitafsiria yote. Dawa, siku, mara ngapi. Hata kwamba mama anauliza huyu daktari mdogo mbona amesimama kama nguzo ya boma.

Nilikuwa hapo hapo. Nilisikia kila sauti. Sikujua kitu.

Ijumaa, 7 Machi
Sentensi ya tatu hainitoki kichwani. Nimemwambia Otieno. Yeye: "Wachana nayo, Achieng'. Si uliandika ukweli? Unataka ujikaange na mafuta yako, bana?" Anajua nina alama za juu kuliko wote. Najua pia. Nimemkasirikia kwa sababu alisema nilichotaka kusikia.

Jumamosi, 8 Machi
Sabato. Nimekaa kanisani, mahubiri yamenipita. Jioni nimempigia mama. Anauza nguo soko la Suna, nusu ya wateja wake Wakuria, na anawauzia kwa lugha yao. Nimemsimulia yote, nikajitetea vizuri sana. Akaniuliza:

"Kwani Kiswahili kilikuwa kimeisha?"

Kisha akaanza habari za mvua.

Jumapili, 9 Machi
Nimeandika taarifa upya. Saa mbili nzima kwa sentensi sita. Naogopa. Hili sijawahi kuliandika humu.

Jumatatu, 10 Machi
Kikao. Niliomba nisome taarifa yangu mwenyewe: Niliagiza kwa lugha ambayo mwenzangu haijui. Sikuandika daftarini. Sikumwambia mtu mwingine. Halafu nikamlaumu mbele ya wodi. Nilidhani nitalia, sikulia. Sauti ilitoka imara mpaka mwisho na hilo nalijivunia, potelea mbali.

Robi anarudi kazini. Ameambiwa mgonjwa aliyedungwa insulini haachwi na kikombe kilichofunikwa, na amekubali. Mimi nimekatwa alama za zoezi, na uongozi wa timu nimevuliwa. Amepewa yeye.

Madam Awuor mlangoni: "Umesema vizuri. Ungesema Jumatano."

Nimemwomba Robi msamaha kwenye ngazi. Akasema ameusikia. Sikumdai zaidi.

Jumanne, 11 Machi
Robi anaongoza timu kama mwalimu wa chekechea. Amekata kipande cha boksi, upande mmoja ameandika USILE, mwingine KULA. Kinaning'inia kitandani kwa mzee. Anayekigeuza anaandika saa na jina daftarini, na anamwambia mwenzake kwa Kiswahili kwanza. Nilitaka kucheka. Kisha nikaona ni kitu ambacho natamani ningekibuni mimi.

Jumatano, 12 Machi
Picha imepigwa leo, mapema. Ni mawe kwenye kibofu cha nyongo, watampangia upasuaji. Tumerudi wodini saa mbili kasoro. Nimegeuza kile kipande cha boksi, KULA. Nimeandika saa, nimeandika jina. Nimemwambia Robi, kisha mzee.

Uji ukaja. Robi akauona mezani ndipo akadunga insulini. Mzee akanywa polepole, akaanza maneno yake, marefu, mkono mmoja hewani.

Robi hakuuliza kitu. Alikuwa anakunja shuka.

"Anasema uji wetu hauna ladha," nikamwambia. "Anasema kwake angepewa na samaki. Anauliza wewe huwa unakula nini Ntimaru."

Robi akaacha shuka, akaketi ukingoni mwa kitanda. Akamjibu, nami nikatafsiri. Tulikaa hapo mpaka kikombe kikawa kitupu.